Moshi Haubishi Hodi: Majibu kwa Barua Zenu Kuhusu Sigara na Tumbaku

Mfuko wa barua mwezi huu ulinuka moshi. Tumechagua barua tisa kutoka Kisumu, Nakuru, Eldoret na kaunti za magharibi, tukazifupisha na kuondoa majina. Karibu kila mwandishi alikuwa ameshajaribu dawa ya nusu: dirisha limefunguliwa, sigara zimepunguzwa, pazia limetundikwa. Wanashangaa kwa nini haisaidii, na hilo ndilo tumelijibu zaidi.

Mume hutoa kichwa dirishani, jirani huvuta kitandani

*Hamjambo wahariri. Naishi kwenye ploti ya vyumba kumi chini ya paa moja. Mume wangu akivuta hutoa kichwa dirishani, na jirani wa upande wa pili huvuta usiku akiwa kitandani. Mtoto wetu wa miezi saba amelazwa mara mbili kwa nimonia. Mume anasema moshi wote hutoka nje. Ni kweli? Mama wa Nyalenda, Kisumu.*

Si kweli, mama. Kichwa kiko nje, lakini sigara iko mkononi, na mkono hurudi ndani. Sehemu kubwa ya moshi unaojaa chumbani haitoki mdomoni mwa mvutaji. Hutoka kwenye ncha inayowaka, kati ya pumzi moja na nyingine, na moshi huo haukupita kwenye filta hata kidogo. Kisha mpo Kisumu: mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Dirisha likielekea ziwa, upepo unaurudisha moshi chumbani kabla haujafika uani. Hata akishazima kipande, mapafu yake yanaendelea kutoa mabaki kwa dakika kadhaa, naye wakati huo ameshambeba mtoto.

Kuhusu jirani, inua macho utazame juu. Ploti nyingi zimejengwa hivi: ukuta wa kugawa vyumba unaishia usawa wa juu ya mlango, na kati yake na mabati kuna mwanya unaopita ploti nzima. Moshi wa moto hupanda, huenea chini ya mabati, hupoa, kisha huteremka kwenye vyumba vya majirani. Zungumzeni na mwenye ploti auzibe mwanya huo kwa matofali au mbao za dari. Itapunguza moshi ingawa haitaumaliza. Lakini tafadhali sana, msizibe matundu ya hewa yanayotoka nje. Mkipikia jiko la makaa ndani ya chumba kilichozibwa, gesi ya monoksidi ya kaboni inaweza kuwaua nyote mkiwa usingizini.

Kwa mtoto, hesabu ni hii. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima na njia zake za hewa ni nyembamba, kwa hiyo moshi uleule humwumiza zaidi: nimonia, masikio yanayotoa usaha, pumu, hata kifo cha ghafla usingizini. Mtoto akikohoa, mtazame kifua akiwa ametulia na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa umri wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nimonia mpaka mhudumu wa afya aseme vinginevyo. Akifikisha mwaka mmoja, mpaka unashuka hadi 40. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, msingoje asubuhi. Nendeni hospitali saa hiyohiyo.

Mume, ikiwa leo hawezi kuacha, avutie nje ya lango, si mlangoni wala barazani. Awe na jaketi moja ya kuvaa anapovuta, inayobaki nje kwenye msumari. Akirudi anawe mikono na uso, asukutue mdomo, akae dakika kumi hivi kabla ya kumshika mtoto, na usiku asilale kitanda kimoja naye. Jirani ndiye mgumu zaidi. Mwendee mchana, si usiku wakati anavuta na wewe una hasira, ukiwa umembeba mtoto mikononi. Akikataa, mtu wa pili ni mwenye ploti na wa tatu ni kiongozi wa nyumba kumi.

Kila mara naanguka siku ya tatu

*Mimi ni wa bodaboda, steji ya Kaptembwo. Navuta kumi na tano kwa siku, ya kwanza kabla sijanawa uso. Nimeacha mara tatu na kila mara narudi siku ya tatu. Nikipunguza tu hadi moja au mbili si itatosha? Mwendeshaji, Nakuru.*

Kaka, siku ya tatu ndiyo kileleni. Nusu ya nikotini iliyo mwilini huondoka kila baada ya saa mbili hivi, na ndiyo maana unaamka tangi likiwa tupu na kukimbilia kiberiti kabla ya maji. Ukiacha kabisa, hasira, njaa, kukosa usingizi na kutotulia hupanda kwa siku mbili tatu, kisha hushuka kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne. Wewe umekuwa ukizima pikipiki pale mlima unapoanza kuisha.

Kuhusu moja au mbili: tumbaku haihesabu hivyo. Anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvutaji wa ishirini. Mishipa ya damu hukasirishwa na moshi kidogo sana. Tena, anayepunguza huvuta kila kijiti kwa nguvu na kwa kina zaidi bila kujua, hadi kwenye filta.

Panga hivi. Chagua tarehe ndani ya wiki mbili zijazo, isiwe mwisho wa mwezi wala siku ya mazishi au harusi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, tupa sigara zote, kiberiti na kile kipande ulichokificha ndani ya jaketi. Waambie wenzako stejini, kwa sauti, wasikupe hata ukiomba.

Kisha tafuta nikotini ya dawa. Anayevuta zaidi ya kumi kwa siku huanza na plasta ya miligramu 21 kwa wiki 6, halafu ya 14 kwa wiki 2, halafu ya 7 kwa wiki 2. Bandika asubuhi sehemu ya juu ya mkono, karibu na bega, au kifuani, pakavu, pasipo nywele wala mafuta, ukandamize kwa kiganja sekunde kumi. Kwa mtu anayeshinda juani ndani ya jaketi, jasho ndilo adui: jifute vizuri na usipake mafuta ya mwili pale. Kesho bandika mahali pengine. Ukiota ndoto mbaya, ibandue unapolala. Plasta iliyotumika bado ina nikotini, kwa hiyo ikunje na uitupe mbali na watoto.

Plasta hutoa nikotini polepole na haizimi kiu ya ghafla. Kwa hiyo ongeza chingamu ya nikotini ya miligramu 2, maana hizo mbili pamoja husaidia kuliko moja peke yake. Ukipata chingamu tu bila plasta, na wewe huvuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka, ya kwako ni ya miligramu 4, moja kila saa moja au mbili kwa wiki sita za kwanza, bila kuzidi 24 kwa siku. Wengi huiharibu kwa kuitafuna kama bazoka. Wanameza nikotini, tumbo linawaka, kwikwi inaanza, wanasema dawa ni mbaya. Tafuna polepole mpaka uhisi ukali ulimini, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha tafuna tena, egesha upande mwingine, kwa nusu saa. Usinywe chai, kahawa, soda wala juisi dakika 15 kabla yake wala ikiwa mdomoni, kwa sababu vinywaji hivyo huzuia nikotini kupenya ngozi ya mdomo.

Ni kweli bado unatumia nikotini, ila bila lami na bila monoksidi ya kaboni, vitu vinavyoua. Uliza bei na kama ipo kwa simu kabla ya kufunga safari, maana si kila duka la dawa huiweka. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, pitia kwanza kwa daktari. Ukikosa dawa kabisa, bado piga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, upate mshauri.

Kiu ya ghafla hudumu dakika chache tu. Kunywa maji, tafuna njugu au kipande cha muwa, ondoka pale penye moshi hata kama ni kuzunguka pikipiki kuangalia upepo wa matairi. Pombe iache mwezi wa kwanza. Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: moshi wa sigara huharakisha ini kuvunja kafeini. Ukiacha sigara na kubaki na vikombe vilevile vya chai ya rangi au kahawa, kafeini hujazana, moyo unadunda, usingizi unakimbia, nawe unadhani ni sigara inakuita. Punguza vikombe kwa nusu. Uzito utapanda, kwa kawaida kilo nne au tano mwaka wa kwanza. Ukijikwaa ukavuta moja, usibandue plasta na usianze kuhesabu upya kwa majuto. Endelea na siku hiyohiyo.

Baba anamtuma mtoto sigara dukani kwangu

*Nina duka Lurambi. Nauza sigara moja moja na zinaniletea wateja. Watoto hutumwa na baba zao. Rafiki anasema nitashikwa. Mwenye duka, Kakamega.*

Rafiki yako anasema kweli, kwa makosa mawili. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 hairuhusu kuuza sigara nje ya pakiti, na pakiti yenyewe isipungue sigara kumi. Pia hairuhusu kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na haijalishi ametumwa na nani. Sababu ya kukataza moja moja ni rahisi: sarafu ya mtoto inaweza kununua moja, haiwezi kununua pakiti. Aliyeacha juzi naye hurudi kwa moja, harudi kwa pakiti. Na kijiti kikitoka peke yake, zile picha za onyo zilizowekwa tangu 2016 zinabaki nawe dukani.

Kuna pia kile kiberiti kilichofungwa kwa uzi kwenye dirisha la duka. Kinamfanya mteja awashe papo hapo, na mtoto aliyekuja kununua mkate anasimama katikati ya moshi. Wewe uliye ndani ya chumba chenye dirisha moja unavuta kutwa nzima bila kuwasha hata moja. Kifungue leo.

Kuhusu hasara, usibahatishe. Weka daftari wiki mbili, uandike kila aliyenunua sigara kama alinunua na kitu kingine. Mara nyingi mwenye duka hugundua kwamba mteja wa sigara huchukua sigara tu na kukaa dirishani dakika kumi. Na za magendo zinazovuka mpaka usiziguse: pakiti isiyo na stempu ya ushuru ya KRA ni mali ya kunaswa. Unaweza kuikagua stempu kwa simu, kwa programu ya Soma Label.

Dawa za TB na sigara zina ugomvi gani?

*Niko wiki ya tatu ya dawa za TB. Muuguzi amenikaripia kwa sababu ya sigara. Mbona dawa nameza vizuri? Mzee wa miaka 54, Siaya.*

Mzee wetu, muuguzi alikaripia kwa upendo. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi na vijidudu kuelekea juu. Moshi huvilemaza, na huwadhoofisha askari wa mwili wanaopaswa kummeza mdudu wa TB. Kwa hiyo mvutaji hupata TB kirahisi zaidi, na akishapona ni rahisi irudi. Dawa ni za miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Ukivuta wakati wote huo unajenga ukuta mchana na kuubomoa usiku.

Sigara pia hudanganya. Kikohozi kikibaki utasema ni cha sigara, na hutarudi kupimwa. Mwenye TB anayekohoa kutwa nzima, wiki nzima, akidhani ni fegi tu, ndiye anayeambukiza nyumba nzima. Wapeleke waliolala nawe chumba kimoja wachunguzwe, hasa watoto walio chini ya miaka mitano, ambao wanaweza kupewa dawa ya kinga.

Plasta na chingamu za nikotini zinatumika pamoja na dawa za TB. Kidonge cha bupropioni hakifai hapa: rifampisini hupunguza nguvu yake. Kama unameza pia ARV, jua hili: kwa mtu anayezimeza sawasawa, sigara inaweza kumwibia miaka mingi kuliko virusi vyenyewe.

Watoto wanatapika baada ya kuchuma

*Tunalima tumbaku hapa Malakisi. Wakati wa kuchuma, binti yangu wa miaka 13 hutapika jioni na kichwa kumzunguka. Baba yake anayevuta haumwi na anasema binti ni mvivu. Mkulima, Bungoma.*

Binti si mvivu, amelewa nikotini. Jani bichi la tumbaku limejaa nikotini, na nikotini huyeyuka katika maji. Umande wa asubuhi au mvua huichota kutoka kwenye jani, nguo zinalowa, na ngozi inainywa. Dalili huja saa kadhaa baadaye, ndiyo sababu mnaziona jioni na kulaumu chakula: kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma, kizunguzungu, kuishiwa nguvu, wakati mwingine moyo kwenda mbio. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Baba haugui kwa sababu mwili wake umeshazoea nikotini ya sigara. Mwili wa mtoto ni mdogo na haujazoea, kwa hiyo kipimo kilekile humpiga mara mbili.

Akianza kuugua, mtoe shambani, mvue nguo zilizolowa, mwoshe mwili mzima kwa sabuni na maji baridi, mlaze na umpe vinywaji kidogo kidogo. Akitapika bila kukoma, apelekwe kituo cha afya. Hapa mwangalieni kwa makini: kama anatokwa mate na machozi mengi, na mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, hiyo inaweza kuwa sumu ya dawa ya wadudu. Mkimbize hospitali na mbebe chupa ya dawa iliyopuliziwa.

Watu wazima wangoje umande ukauke, wasichume baada ya mvua. Wavae glavu zisizopenyeza maji, mikono mirefu na buti, na koti la plastiki wanapobeba majani kifuani. Glavu za kitambaa zikilowa hazikingi, kwa sababu zinashikilia maji ya nikotini kwenye ngozi. Majani yasianikwe ndani ya nyumba mnamolala. Na mtoto wa miaka 13 asichume kabisa, hata akiwa na glavu.

Hamkuuliza, lakini tutasema: kabla ya kutia sahihi mkataba wa tumbaku wa msimu ujao, andikeni mbolea, dawa, kuni za kukaushia, na siku ambazo familia nzima iko shambani, ndipo mtoe kwenye malipo. Migori, wakulima walianza kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma kupitia mpango wa Mashamba Yasiyo na Tumbaku, unaoendeshwa na serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, chakula na kilimo. Muulizeni afisa wa kilimo wa wadi kuhusu soko kabla ya kununua mbegu. Maharagwe bila mnunuzi nayo ni hasara.

Nimeweka pazia zito, je, ni sehemu halali ya kuvutia sigara?

*Nina baa karibu na stendi. Nimetenga kona yenye pazia zito na feni. Mkaguzi amekataa. Mwenye baa, Nakuru.*

Mkaguzi yuko sahihi, na kwa Nakuru haishangazi: mji huu uliweka marufuku yake ya kuvuta hadharani hata kabla ya sheria ya taifa. Sehemu ya kuvutia lazima itenganishwe kabisa na ukumbi, na hewa yake itoke nje moja kwa moja bila kurudi ndani. Pazia linaachia juu, chini na kila mtu anapopita. Feni ya dari haiondoi moshi, inausambaza. Hata chumba chenye feni ya kunyonya hewa hushindwa ikiwa hakuna tundu la kuingizia hewa safi: feni hukosa cha kuvuta, na mlango ukifunguliwa hewa chafu hujimwaga ukumbini.

Ushauri wetu, usijenge chumba. Weka viti uani, pasipo paa wala kuta, mbali na milango, madirisha na jiko. Bandika ilani za kukataza kuvuta mlangoni na chooni, maana chooni ndiko watu hujificha, na ondoa visahani vya majivu mezani, kwa sababu kisahani ni mwaliko. Anayevuta mahali pa umma anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Wafikirie pia wahudumu wako. Mteja huondoka baada ya bia mbili, mhudumu hubaki saa nane au kumi. Asiyevuta anayeishi na moshi wa wengine nyumbani au kazini, hatari yake ya ugonjwa wa moyo huongezeka kwa asilimia 25 hadi 30.

Moshi wa samaki na wa sigara, upi mbaya?

*Nakausha mbuta kwa moshi Dunga, sijawahi kuvuta. Kifua kinabana. Mama wa samaki, Kisumu.*

Moshi wa kuni hauna nikotini, kwa hiyo hautakufanya mtumwa wake. Kwa mapafu, hata hivyo, chembe ndogo na monoksidi ya kaboni ni zilezile, na baada ya miaka mingi njia za hewa huzibika kama za mvutaji. Tumia kuni kavu zilizopasuliwa, maana mbichi ndizo zinazotoa moshi mzito. Usiwashe kwa plastiki. Acha upande mmoja wa banda wazi, usimame upande upepo unakotoka, geuza samaki kwa koleo ndefu, na mtoto asiwe mgongoni. Leso iliyoloweshwa maji huzuia majivu, haizuii gesi. Kifua kikibana zaidi ya wiki mbili, omba kipimo cha kupuliza na cha makohozi, na umwambie daktari kazi yako kabla hajakuuliza kama unavuta.

Vijifuko chini ya mdomo

*Nimeokota kikopo chenye vijifuko vyeupe kwa mwanangu wa kidato cha tatu. Anasema si tumbaku. Mzazi, Eldoret.*

Kwa neno amesema kweli, kwa maana amekudanganya. Hivyo ni vifuko vya nikotini: havina jani la tumbaku, ila vina nikotini yenyewe, na huwekwa kati ya mdomo wa juu na ufizi. Havitoi moshi wala harufu, kwa hiyo mwalimu hawezi kujua mwanafunzi ameweka kimoja katikati ya somo. Mwaka wa 2020 waziri wa afya alipinga jinsi bidhaa ya namna hii ilivyosajiliwa kama dawa. Ubongo huendelea kukua hadi kama miaka 25, na nikotini ikiingia kabla ya hapo hushika haraka na kukwamia.

Usianze na kiboko. Muulize cha kwanza cha siku hutumia saa ngapi. Akisema mara tu anapoamka, si utundu tena, ni uraibu, naye atahitaji mshauri na daktari. Muulize pia nani humuuzia, na uende huko mwenyewe. Vikopo vyote nyumbani vifungiwe: mdogo wake wa miaka miwili akimeza vifuko, ni sumu ya kumkimbiza hospitali.

Nyanya na ugoro

*Nyanya yetu wa miaka 70 hutumia ugoro wenye magadi tangu ujana. Anasema hauna moshi, basi hauna neno. Mjukuu, Vihiga.*

Mwambieni kwa heshima kwamba magadi hayakuwekwa kwa ladha tu. Magadi huifungua nikotini ipenye haraka, kwa hiyo ugoro wake una nguvu kuliko anavyodhani. Tumbaku isiyo na moshi nayo ina kemikali zaidi ya ishirini za kusababisha saratani, hasa ya mdomo na ya umio. Pia hupandisha shinikizo la damu kila anapoivuta au kuiweka mdomoni, na kwa umri wake shinikizo lipimwe mwezi huu.

Kumkataza ghafla baada ya miaka hamsini mtagombana bure. Mwombeni aisogeze ile ya asubuhi hadi baada ya uji, wiki ijayo hadi saa nne, wiki inayofuata hadi saa sita, mpaka siku atakayokubali kuacha. Kikopo kikae kwenye chumba kingine ili kila mara alazimike kuinuka kukifuata. Mjukuu mjamzito asitumwe kumsagia. Na mkiwa mnakaa naye mchana penye mwanga, mwombeni afungue mdomo: mkiona doa jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda kilichozidi wiki mbili, mpelekeni kliniki ya meno ya hospitali ya kaunti hata kama hakimuumi.